Goti la Nyanzala

Mgeni alimtazama Nyanzala magoti kwanza, uso baadaye. Akaangalia viganja vyake, kisha akamgeukia Mzee Masele na kuuliza, mbele ya binti mwenyewe: "Urefu huu kautoa kwako au kwa mama yake?"

"Kwa mama yake," Masele akajibu, meno yote nje.

Nyanzala hakumsalimia mgeni. Baba yake ndiyo kabisa, alikuwa hajampa salamu mwaka wa tatu sasa, tangu dada yake Kabula alipotolewa shule kidato cha pili akapelekwa kwa mzee mmoja wa Sitalike, na ng'ombe wa mahari wakaingia kijijini kwao Kasokola kwa vigelegele. Siku ile Nyanzala aliapa kwamba yeye hatageuzwa ng'ombe.

Akageuka mchezaji wa kikapu, na si mchezaji hivi hivi. Miaka miwili katika timu ya chuo cha ualimu hapa Mpanda, hakuna aliyepewa kazi ya kumkaba akalala vizuri. Timu moja ya Tabora ilileta wasichana wawili kwa kazi hiyo. Wote walitoka wanalia. Nyingine ya Kigoma ilidai huyu si mwanamke, akaguliwe. Akawafunga pointi thelathini na nne, kisha akawauliza kama bado wanataka kukagua.

Lakini leo ilikuwa mechi ya mwisho, dhidi ya Sumbawanga. Mwezi ujao anamaliza chuo, na kikapu kinaishia hapo. Alishaandikia klabu tatu za Dar es Salaam, na hakuna hata moja iliyojibu. Sasa, hata cheti hajakishika, mnunuzi ameshaletwa uwanjani.

"Leo ucheze kama unavyochezaga," Masele akamwambia kwa sauti ya chini. "Usinitie aibu. Mgeni ametoka mbali."

Nyanzala alitema mate karibu kabisa na kiatu cha baba yake, akaondoka.

Emelyne, mwenzake wa timu, ndiye aliyemletea maneno wakipasha misuli. "Hali mbaya. Nimepita nyuma yao. Yule baba ameuliza kama una mchumba. Mzee wako akasema huna, una afya, hujawahi kulazwa. Eti akikupenda, muondoke wote wiki hii hii."

"Ndiyo maana ameuza lile dume lake kubwa la ng'ombe. Anajiandaa kupokea wakwe."

"Sasa utafanyaje?"

Nyanzala aliwatazama wale wanaume wawili wakinywa soda kivulini kama ndugu. Aliwachukia wote, na hakujua nani zaidi.

"Nani anatoa ng'ombe kwa mke asiyeweza kushika jembe?" akasema.

Filimbi ikalia. Robo ya kwanza alidondosha mipira ambayo hata bibi kizee angeidaka. Robo ya pili akawa anarusha juu ya ubao. Watu wa Mpanda, waliokuwa wakimwimba tangu mwaka jana, wakaanza kumzomea.

"Kahongwa huyo!"

"Nyie, mtoeni!"

Kocha Anicet alimporomoshea matusi ambayo mwalimu hapaswi hata kuyajua. Emelyne peke yake ndiye aliyeendelea kumpasia mpira. Nyanzala alitamani kulia, maana alikuwa anakiua kwa mikono yake mwenyewe kitu pekee alichokipenda. Ila kila alipotaka kurudi mchezoni alimkumbuka Kabula, miaka kumi na tisa, mimba ya tatu, anapalilia mpunga wa watu.

Robo ya tatu akaruka, akaanguka, akashika goti la kulia na kupiga yowe. Aliinuka akichechemea, akazunguka makusudi apite mbele ya mgeni, mguu akiuburuta.

Walifungwa kwa tofauti ya pointi ishirini. Mgeni alisimama, akajipangusa jasho. Nyanzala akasogea, bado anachechemea. Ushindi huu hakutaka kusimuliwa, alitaka kuusikia kwa masikio yake.

"Mzee Masele," mgeni akasema kwa hasira, "umenipigia simu mwaka mzima. Ukanitumia nauli. Ukasema binti hataki kitu chochote kinachotoka kwako, tumfiche mpaka nimwone akicheza. Nikakubali, nikakaa kwenye basi siku mbili. Lakini mimi ni kocha, si daktari. Hakuna klabu Dar itakayosajili goti kama lile."

Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Masele alibaki amesimama. Halafu akamjia Nyanzala, akachuchumaa vumbini mbele ya watu wote, akalishika lile goti lililokuwa zima kwa mikono miwili.

"Linauma wapi, mwanangu?"