Mwamini Mbele ya Munganga

Munganga Mzungu, daktari wa serikali, aliweka kalamu mezani, akamtazama Mwamini. Mwana wa mama huyo alikuwa ameshahukumiwa kwa kumbaka mke wa jirani. Sasa, katika gereza la Kasongo, lilibaki swali moja tu.

"Mama," alisema mkalimani, "munganga anauliza, huyu mutoto wako iko na wazimu? Kama iko mugonjwa, atatunzwa kwanza, kisha atarudi kwako. Kama iko muzima, watamupeleka mbali, kwa miaka mingi."

Mwamini alikuwa mjane, na ndui ilimwachia mtoto huyo mmoja. Kijana alikuwa amekaa sakafuni, pingu mikononi. Shingoni mwake, majeraha ya kucha za yule mwanamke yalikuwa hayajapona.

"Sema ninaangukaka kifafa," alimnong'oneza mama yake. "Mama, utabaki na nani?"

Machozi yalimbubujika Mwamini. Alifungua kinywa ili akubali, lakini macho yake yakarudi kwenye yale majeraha, yakakataa kubanduka.

"Munganga," alisema, "mchana wa siku ile ya kosa aliniomba kamba na kipande cha nyama. Nikamupa. Jioni tukakuta mbwa wa jirani yule amefungwa kule mtoni kwa kamba yangu, asibweke. Mwenye wazimu hafungi mbwa kwanza."

"Mama!" kijana alipiga ukelele.

Mkalimani alisita. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie," alisema Mwamini.