Kifungo cha Pili

Fundi cherehani alifunga kifungo cha shati lake kwa mkono wa kulia, ule uliopooza alipopata kiharusi. Ilimchukua dakika nne nzima, jasho likimtiririka, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Umeona, binti yangu?" alisema kwa ulimi mzito. "Jumatano nakuja na sindano."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishindwa kumtazama usoni. Jumatatu, siku mbili kabla ya Jumatano hiyo, chumba hiki cha mazoezi kingefungwa, na wagonjwa wote wangehamishiwa hospitali kuu, safari ya mabasi mawili. Kwenye kikao cha kuamua uhamisho huo, wakubwa wake walikuwa wamemuuliza kama wagonjwa wake wataweza kufika huko. Alijua fika kwamba fundi hawezi kupanda ngazi ya basi. Akajibu, "Wataweza," kwa sababu alikuwa ameahidiwa mashine mpya na cheo.

"Mzee wangu," alianza, "kuna jambo nilipaswa kukuambia mapema."

"Ngoja kwanza. Namalizia cha pili. Hebu niitie mke wangu aje aone."

Mtaalamu akafungua mlango. Mke wa fundi alikuwa amesimama pale nje, kidole chake kwenye tangazo la kuhama lililobandikwa ukutani, kimefika kwenye saini ya mtaalamu mwenyewe.