Harufu ya Kabaidi

Hayat alidondosha jiwe la kabaidi ndani ya kopo la maji, akarudi nyuma upesi. Maji yakatokota bila moto. Harufu kali kama ya kitunguu saumu kilichooza ikapanda, ikapita ukumbini, ikaingia chumbani kwa mama mkwe wake.

"Badawi?" Bi Zamzam aliita kutoka kitandani. "Umerudi, mwanangu?"

Hayat alichukua viatu vizito vya mumewe, akavigonga kizingitini kutoa mchanga.

"Amerudi, mama. Anaoga."

"Alhamdulillahi."

Bi Zamzam alikuwa haoni tena. Alimjua mwanawe kwa harufu ile ya gesi. Badawi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale ufuoni, katika kijiji cha Kizingitini, na gesi alijitengenezea mwenyewe, kwa kutia mawe ya kabaidi na maji ndani ya pipa la chuma. Mama yake aliiogopa mno.

"Hii asetilini, mama, ndiyo wanayotengenezea plastiki huko viwandani," Badawi alizoea kumwambia. "Hata ndoo yako ile huenda imetokana nayo. Usiiogope."

Mama hakuacha kuiogopa, wala hakuacha kumsihi atafute kazi nyingine. Mwishowe walinuniana. Badawi akawa anarudi, anaoga, anakula, analala, bila kupita chumbani kumwamkia mama yake.

Kisha lile pipa likalipuka.

Tangu hapo Hayat ndiye aliyekuwa akiirudisha harufu nyumbani kila alasiri, kwa mabaki ya mawe aliyoyakuta karakanani. Alivaa asumini nyweleni kama mke anayemngoja mumewe. Alipakua sahani mbili, akala ya kwake, kisha akala na ya pili. Siku nyingine alihisi viatu vimekwisha kugongwa mlangoni kabla yeye hajavigusa, akasimama akisikiliza kama maji yanamwagika bafuni.

"Amekula?" Bi Zamzam huuliza.

"Amekula, mama."

Hakuulizwa zaidi ya hayo.

Alasiri hiyo jirani yao, Bi Barka, alikuja na chetezo chenye makaa, amletee mgonjwa ubani. Alipokanyaga ukumbini tu, gesi ikashika moto wa makaa, mwako ukaruka kutoka kwenye kopo pale mlangoni, ukalamba pazia hadi juu. Hayat alilivuta chini, akalipiga kwa leso iliyolowa mpaka moto ukazimika. Masizi yakawa yanaelea hewani kama nyuzi nyeusi.

Bi Barka aliketi sakafuni akihema. Alilitazama kopo, akavitazama viatu, akayatazama maua nyweleni mwa Hayat.

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka mama apate nguvu," Hayat alijibu kwa sauti ya chini. "Akijua sasa, atamfuata."

Bi Barka aliinuka. Alimshika Hayat bega, akamwacha aokote vipande vya pazia. Akaingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Zamzam," alisema, "leo mlikuwa muungue nyote wawili. Sasa ukweli na usemwe."

Bi Zamzam alikuwa ameketi, tasbihi imetulia mkononi. Nje, Hayat alikuwa akiteka maji ya kuoga, na ndoo ikigonga kuta za birika la maji la uani.

"Nitamwambiaje Hayat, Barka, kwamba ninamwitikia tu mpaka yeye apate nguvu?" alinong'ona. "Mimi nilimpapasa mwanangu uso kabla wanaume hawajambeba kwenda kumzika. Nikamwita Hayat aje amuage mumewe. Alikuwa jikoni. Akaniambia ningoje kidogo, chakula hakijaiva, na Badawi akirudi atakuwa na njaa."