Tundu la Bi Mchwa

Zamani wanyama walipoanza kujijengea, Nguchiro alijulikana kwa kuliogopa jua. Aliezeka nyumba yake kwa nyasi nene, kisha akakandika udongo kila penye upenyo, hadi kileleni.

"Sasa jua lipige hodi mpaka lichoke!" alijigamba.

Adui wake mwingine alikuwa jirani yake wa kichuguuni, Bi Mchwa. Kila akimwona karibu na paa alimfukuza kwa ufagio, maana nani asiyejua kwamba mchwa hula nyumba?

Kiangazi kilipokolea, watoto wa Nguchiro walihema ndimi nje, na kitindamimba akazimia. Nguchiro akambeba mbio hadi mlangoni kwa Bi Mchwa. Humo mlikuwa na ubaridi kama wa mtungini, na mtoto akafumbua macho.

"Bi Mchwa, wewe umeezeka kwa nini?"

"Kwa udongo tu, jirani. Nyasi zako zinazuia jua vizuri sana. Ila joto la pumzi zenu hupanda juu, na huko juu umelifungia mlango. Mimi nimeliachia tundu."

Nguchiro akalitazama lile tundu ambalo miaka yote alilicheka, akidhani ni uvivu wa mjenzi.

"Basi, Bi Mchwa, tafadhali... njoo uile nyumba yangu."

Bi Mchwa akapanda, akatafuna kidogo tu chini ya kilele, pasipofika mvua, akashuka zake. Jioni watoto walilala fofofo.

Na ule ufagio? Siku hizi Nguchiro humfagilia nao Bi Mchwa njia.