Mayai ya Marehemu

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, Perpetua aliwaalika marafiki wawili wa mumewe, awakaangie bekoni na mayai kama mumewe alivyokuwa akiwakaangia enzi za uhai wake.

"Shemeji, marehemu aliikausha bekoni zaidi ya hivi," alisema Gaudensi.

"Wala marehemu hakutubania pilipili," mwenzake akadakia, wakacheka.

Perpetua akaisogeza trei ya mayai mbali nao.

"Marehemu, marehemu! Mmekula kwake miaka yote hiyo, leo hana jina? Hapa mtu hali yai mpaka amtaje kwa jina!"

Gaudensi akainamia sahani yake.

"Anselmi," alisema.

Perpetua akapasua yai kwenye kikaango. Akachukua la pili, akalishika juu ya mafuta yanayochemka, akamgeukia yule mwingine.