Chini ya Kilima cha Pili

Mbio za farasi wa mizigo zilipofika chini ya kilima cha pili, Fumie, juu ya sleji yake ya chuma, gari zito lisilo na magurudumu ambalo farasi aliliburuta mchangani, alivuta hatamu. Farasi akasimama. Washindani wakawapita, wakaanza kupanda.

"Wee mama, umekuja kulala?" alifoka mtu kwenye uzio. "Mpeleke buchani huyo!"

Ndiko angepelekwa kesho, asiposhinda leo. Mwenye farasi alishaapa.

Fumie alitazama mbavu za farasi zikipanda na kushuka, mvuke ukifuka puani kama birika. Kule juu, farasi wa kwanza alipiga magoti. Wa pili alikwama mchangani.

"Pumua, baba," alimnong'oneza farasi. "Pumua kwanza."

Mbavu zikatulia. Masikio yakaelekea kilimani.

Kabla Fumie hajalegeza hatamu, sleji ilianza kusogea.