Disketi ya Mama Job

Mama Job aliitoa disketi kifuani, akaifungua kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akaipangusa kwa leso kabla ya kumkabidhi Simiyu. Ilinuka omena, dagaa wa ziwani.

Simiyu aliipokea kwa ncha za vidole viwili. Mwaka huo wa 1998 yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta mbili za pekee Kaloleni nzima, pamoja na cheti cha miezi mitatu alichokitundika pale ambapo hakuna mteja angeweza kukikwepa. Wanakamati wa mtaa walikuwa wamejibana kati ya mashine ya fotokopi na mlango, wakimngoja mtaalamu aseme.

Shauri lenyewe lilikuwa la nyumba. Baba Job alipofariki, nyumba ya kanju, yaani ya baraza la mji, iliandikishwa kwa jina la mwanawe. Job akaenda kusoma Norwe, na sasa Luseno, ndugu wa marehemu, alitaka kuhamia yeye. Alidai Job amempa kwa simu. Mama Job naye alisema amepokea disketi kwa posta, ndani yake barua ya Job: nyumba ni ya mama, asiguswe. Akishindwa leo, Jumamosi vyombo vyake vingelala nje.

"Barua hata mimi naweza kuchapa," Luseno alisema.

"Hii ina sahihi ya kompyuta," alijibu Simiyu, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kusikilizwa. "Job aliniwekea programu hapa kabla ya kusafiri, akamwachia mama ufunguo wa siri. Ni mama peke yake anayeweza kuihakiki. Mimi siwezi, wewe huwezi, hata kanju wenyewe hawawezi."

"Kwa nini yeye tu?" aliuliza Mzee Saad, mwenyekiti wa kamati.

"Ndivyo ilivyotengenezwa, mzee."

Sababu ilikuwa ukurasa wa kumi na moja wa kitabu cha maelezo. Ufunguo unaohakiki sahihi hiyo unaweza pia kutengeneza nyingine isiyotofautiana nayo hata kidogo. Kwa hiyo mpokeaji anaamini, lakini mtu wa tatu hana sababu ya kuamini. Simiyu aliusoma ukurasa huo mara mbili kabla kitabu hakijapotea Aprili, akawalaumu wanafunzi wake wa kompyuta. Leo hakuona haja ya kuutaja. Ingekuwa kumtukana bure mama aliyekuja kila Jumanne kusoma barua za mwanawe, akitafuta herufi moja dakika nzima.

Mama Job aliandika ufunguo wake wa siri kwa kidole kimoja, wanakamati wakigeuza nyuso kwa adabu. Kompyuta ikakoroma, ikafikiri, kisha ikaandika maneno ya Kizungu ambayo Simiyu aliyatafsiri kwa sauti ya mhubiri: sahihi ni halali, ni ya Job.

"Na kama ameitengeneza mwenyewe?" Luseno aliuliza.

Simiyu alicheka hadi akashika meza. "Nani, huyu? Mzee, tuheshimu elimu kidogo."

Kamati nzima ikacheka. Mama Job naye alicheka kidogo, macho sakafuni.

Mzee Saad alitoa uamuzi hapo hapo: mama haondoki. Luseno akatoka akiubamiza mlango, na wanakamati wakampongeza Simiyu kwa kuleta maendeleo mtaani. Alizipokea pongezi zote bila kurudisha hata moja.

Walipobaki wawili, Mama Job alitoa kikapuni kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya kibodi.

"Nisamehe nimekaa nacho, mwanangu. Kizungu chake kigumu, lakini ukikirudia kinaeleweka."

Kilikuwa kile kitabu cha maelezo. Pembe ya ukurasa wa kumi na moja ilikuwa imekunjwa.

Simiyu alitazama cheti chake, akatazama mlango.

"Mama," alisema mwishowe, "Job... hajambo lakini?"

Mama Job alirudisha disketi kifuani, akafunga leso vizuri.

"Ukimpata, nisalimie. Mimi hajaniandikia tangu aondoke."